Magego yanapoota: kumsaidia mtoto bila kumdhuru

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyekuwa akilala usiku kucha anaanza kuamka saa nane akilia. Mchana anatia mkono mzima kinywani, udenda unamlowesha kifua, na uji aliokuwa akiupenda anausukuma. Bibi yake akimtazama husema neno moja tu: magego. Mara nyingi bibi huwa amesema kweli. Tabu huanza pale neno hilo linapotumiwa kueleza kila kitakachompata mtoto kwa miezi inayofuata, homa, kuhara, kutapika, kikohozi, na watu wa nyumbani wakaacha kwenda zahanati wakingoja jino litoke.

Gego linaloota linauma, hilo halina ubishi. Lakini maumivu yake ni ya wastani, ni ya siku chache, na dawa zake nyingi ziko jikoni. Kinachodhuru watoto hapa kwetu si gego lenyewe. Ni ugonjwa mwingine uliofichwa nyuma ya gego, na ni vitu tunavyowapaka na kuwanywesha kwa nia njema.

Huota lini?

Mtoto ana meno 20 ya utotoni. Manane kati yake ni magego: mawili kulia na mawili kushoto, juu, na vivyo hivyo chini. Gego la kwanza hutoka kati ya mwezi wa 13 na wa 19. Wazazi wengi hushangaa kwamba hutangulia chonge, kwa hivyo kwa muda huonekana pengo kati ya meno ya mbele na gego, kana kwamba jino limeruka foleni. Hiyo ni kawaida. Gego la pili hufuata kati ya mwezi wa 23 na wa 33, na kwa watoto wengi hilo ndilo jino la mwisho la utotoni.

Baada ya hapo kinywa hutulia kwa miaka mitatu hivi, kisha magego ya kudumu huanza: la kwanza kwenye umri wa miaka 6 au 7, la pili kati ya miaka 11 na 13, na la tatu baada ya miaka 17, kwa wale wanaolipata. Tarehe hizi si amri. Mtoto akichelewa miezi kadhaa, wala hana ugonjwa, hakuna la kuhangaikia.

Kwa kuwa tumetaja mpangilio wa meno, kuna neno la zamani linalostahili kusemwa hapa. Kamusi za Kiswahili bado zina neno kigego, mtoto aliyeanza kuota meno ya juu kabla ya ya chini, ambaye wazee wa kale walimhesabu kuwa na mkosi. Mpangilio wa meno hutofautiana kati ya mtoto na mtoto, na aliyetanguliza meno ya juu hana ila yoyote. Ukimsikia mtu akimtazama mwanao kwa jicho hilo, mwambie hivyo.

Jino halikati ufizi kama kisu kinavyokata mkate. Nyama iliyo juu yake hulainika na kufunguka taratibu, na wakati huo ufizi huvimba kidogo na kuwasha. Gego lina uso mpana wenye vilima vinne au vitano, na si lazima vyote vitokeze siku moja. Ndiyo maana wazazi huona mtoto ametulia siku mbili, kisha akaanza tena. Wakati mwingine juu ya gego linalokuja hutokea kivimbe laini chenye rangi ya buluu au zambarau iliyokolea, mfano wa zabibu ndogo. Kinatisha kukitazama, lakini ni majimaji au damu kidogo iliyokusanyika juu ya jino, na hupasuka chenyewe jino linapopita. Usikitoboe kwa sindano wala kwa ukucha. Kama kinakua, kinatoa usaha au mtoto ana homa, mpeleke akaonwe.

Homa si ya gego

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo.

Utafiti mmoja uliofanywa Cleveland, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2000, ulifuatilia watoto wachanga 125 siku baada ya siku, wazazi wakiandika joto la mwili na dalili zote. Dalili za kweli za kuota jino zilionekana kwenye dirisha la siku 8 tu: siku 4 kabla ya jino kutokeza, siku yenyewe, na siku 3 baada yake. Katika siku hizo watoto walitafuna sana, walitoka udenda, walikuwa wakali, walilala kwa shida, walikataa vyakula vigumu, na joto lilipanda kidogo. Homa kali haikuhusiana na meno. Watoto hao walikuwa chini ya mwaka mmoja, kwa hivyo wengi walikuwa wakiota meno ya mbele, lakini madaktari wa watoto wanasema hivyo hivyo kuhusu magego: jino halileti joto la nyuzi 38 na kuendelea, halileti kuhara, halileti kutapika.

Kwa nini basi tunaona vitu hivyo pamoja? Kwa sababu ya umri. Kati ya miezi 6 na miaka miwili na nusu mtoto karibu wakati wote ana jino linalokuja. Ni umri huo huo ambapo kinga aliyopewa na mama tumboni imeisha, anatambaa, anaokota vitu sakafuni na kuvitia kinywani, na anakutana na kila mdudu wa mtaani kwa mara ya kwanza. Akiharisha wiki ambayo gego linaota, chanzo ni uchafu ulioingia kinywani kwa vidole, maji au chakula, na gego lilikuwa linapita tu.

Kwa sisi wa Pwani jambo hili lina uzito wa pekee. Malaria bado ipo, kuanzia Kwale hadi Kilifi na Tana River, na mtoto wa chini ya miaka 5 anaweza kutoka kwenye homa ya kawaida hadi kwenye malaria kali ndani ya saa 24 au 48. Siku mbili za kusema "ni meno tu" ni siku mbili nyingi sana. Mtoto mwenye joto apimwe malaria siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka cha tone la damu ya kidoleni hutoa jibu kwa dakika 15 au 20, na katika maeneo mengine hata mhudumu wa afya ya jamii hukipima nyumbani.

Kipimajoto cha kwapani si cha gharama kubwa na ni bora kuliko kiganja cha mkono kwenye paji la uso, hasa miezi ya kaskazi ambapo kila mtu nyumbani ana joto. Kikionyesha nyuzi 38 au zaidi, acha kuzungumza habari ya meno. Mpeleke pia kama anaharisha mara tatu au zaidi kwa siku, anatapika kila anachokunywa, amelegea, anapumua haraka, hakojoi kama kawaida, ana degedege, au amekataa kabisa kunyonya na kunywa. Anayeharisha aanzishwe chumvichumvi za kuongeza maji mwilini na vidonge vya zinki, jino liwepo lisiwepo.

Sikio nalo huchanganya. Mtoto anayeota gego hujivuta sikio kwa sababu mishipa ya fahamu ya taya na ya sikio ni majirani. Lakini ugonjwa wa sikio pia humfanya ajivute. Akiwa na homa, akilia zaidi anapolazwa, au sikio likitoa maji au usaha, apelekwe akachunguzwe sikio.

Yanayosaidia

Cha kwanza ni kidole chako. Osha mikono kwa sabuni, kisha ukandamize ufizi uliovimba kwa kidole, polepole, dakika moja au mbili. Kwenye gego, mtoto mwenye meno ya mbele atakuuma, kwa hivyo pita ubavuni, kati ya shavu na ufizi, ukaufikie kutoka nje. Wazazi wengi hudharau njia hii kwa kuwa haina bei. Inafanya kazi kwa sababu kukandamiza huzima mwasho, na mtoto hutulia pia kwa kushikwa.

Cha pili ni baridi. Kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi na kutiwa kwenye friji kwa nusu saa, kijiko cha chuma kilichopozwa, au pete ya mpira ya kutafunia iliyokaa kwenye friji, vyote hupunguza uvimbe. Iwe baridi, isiwe barafu. Kitu kilichoganda kinaweza kuunguza ufizi na midomo. Nyumba isiyo na friji, maji ya mtungi yanatosha kabisa. Mtungi wa udongo ulikuwa ukipoza maji Pwani kabla ya umeme kufika. Kwa mtoto aliyezidi mwaka, mpe maji baridi au dafu kidogo kidogo kwa kikombe.

Chakula kilegeze kwa siku hizo. Uji uliopoa, viazi vitamu vilivyopondwa na tui, ndizi mbivu, wali uliolainishwa kwa mchuzi wa samaki aliyechambuliwa miba vizuri, mtindi. Wali wa jana uliokauka, mkate wa mofa na mahamri ya asubuhi yaliyopitiwa na upepo vitamuumiza. Pilipili na ndimu viwekwe kando. Usimlazimishe kula, akinywa vizuri, hamu ya kula itarudi yenyewe siku jino likitokeza. Anayenyonya aendelee kunyonya. Karoti baridi na vipande vya tufaha vinavyosifiwa mitandaoni asipewe: mtoto mwenye magego machanga huvunja kipande lakini hawezi kukisaga, na kipande hicho ndicho kinachokaba koo.

Udenda ukizidi huchubua kidevu na shingo. Futa kwa kubonyeza kwa kitambaa laini, usisugue, kisha paka mafuta ya mgando kidogo. Badilisha nguo iliyoloa, kwani kifua chenye maji usiku wa kusi humkosesha usingizi kuliko jino.

Ikiwa haya hayatoshi na mtoto analia, hasa wakati wa kulala, mpe paracetamol ya maji. Kipimo hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 10, kwa mfano, hupata kati ya miligramu 100 na 150 kwa mara moja. Sharubati nyingi madukani zina miligramu 120 katika kila mililita 5, kwa hivyo kijiko kimoja cha dawa cha mililita 5 kinamtosha. Soma chupa kwanza, maana zipo zenye nguvu zaidi. Tumia kijiko au sindano ya plastiki iliyokuja na dawa. Vijiko vya jikoni hutofautiana sana. Pumzisha angalau saa 4 hadi 6 kati ya dozi, na usizidishe mara 4 katika saa 24. Angalia pia kama dawa ya mafua unayompa ina paracetamol ndani yake, kwani hapo atakuwa anapewa mara mbili bila wewe kujua. Ukiona unampa kwa siku ya tatu mfululizo, kuna jambo jingine, nenda zahanati.

Ibuprofen nayo hutuliza, lakini isitolewe kwa mtoto mwenye homa ambayo chanzo chake hakijajulikana. Mombasa imepata milipuko ya homa ya dengue, ikiwemo ya mwaka 2013 na 2017, na dawa za jamii hiyo huongeza hatari ya kutokwa damu kwa mwenye dengue. Aspirini haifai kabisa kwa watoto.

Ya kuyaacha

Karafuu ni fahari ya upwa huu, na mtu mzima anayeumwa na jino akibana punje ya karafuu hupata nafuu. Mafuta ya karafuu kwa mtoto mdogo ni habari nyingine. Yana nguvu sana. Huunguza ufizi mlaini, na watoto waliomeza hata mililita chache wamepatwa na degedege, kupoteza fahamu na kuharibika ini. Chupa ndogo ya mafuta ya karafuu iwekwe mbali na mtoto kama mafuta ya taa.

Mafuta ya kupaka ya kuganzisha ufizi yanayouzwa kwa ajili ya meno ya watoto nayo yaachwe. Yenye benzokaini yanaweza, mara chache, kuibadili damu isiweze kubeba oksijeni. Mtoto hugeuka rangi ya kijivu au buluu midomoni na hupumua kwa shida. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2018 kwamba yasitumiwe kwa watoto wa chini ya miaka miwili. Miaka minne kabla, mamlaka hiyo ilikuwa imeonya pia juu ya lidokaini kwa watoto wanaoota meno. Na hata yasingekuwa na hatari, mate huyasukuma baada ya dakika chache. Soma majina haya kwenye pakiti, kwa sababu chapa hubadilika lakini dawa iliyomo ni ile ile.

Dawa za meno ya watoto zina historia mbaya. Hadi miaka ya 1950 unga wa meno uliouzwa Uingereza ulikuwa na zebaki, na watoto waliugua ugonjwa uliowafanya mikono na miguu yao iwe ya waridi yenye maumivu makali. Unga ulipoondolewa madukani ugonjwa ukatoweka. Mwaka 2008 nchini Nigeria, sharubati ya kutuliza meno ilitengenezwa kwa kiungo chenye sumu, na makumi ya watoto wakafa kwa figo kushindwa kufanya kazi. Sharubati isiyo na lebo inayoeleweka, ya kuletewa kwenye mkoba au kununuliwa kwenye meza ya barabarani, usimpe.

Mikufu ya kaharabu inayosemekana kutuliza meno imeingia mpaka kwetu kupitia mitandao. Haitulizi. Marekani mtoto wa miezi 18 alinyongwa na mkufu wa aina hiyo akiwa usingizini. Uzi wowote shingoni mwa mtoto anayelala, uwe wa shanga au wa kitu kingine chochote, una hatari hiyo hiyo, na mwenye kuufunga kwa imani yake anaweza walau kuuvua kabla ya kumlaza.

Asali au sukari kwenye chuchu ya plastiki humnyamazisha mtoto kwa dakika kumi na kumwozesha meno kwa miaka kumi. Kwa aliye chini ya mwaka mmoja asali hairuhusiwi hata kidogo, kwani inaweza kubeba vimelea vinavyolegeza misuli mpaka ya kupumua.

La mwisho ni la kutisha zaidi. Katika sehemu za Tanzania, Uganda na Kenya kuna wanaoamini kuwa mtoto mwenye homa na kuhara ana "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni", na hupasua ufizi kwa spoku ya baiskeli, kisu au ukucha kuyatoa. Kinachotolewa ni kijidudusi cheupe kinachofanana na mbegu: ni jino changa la mtoto, mara nyingi chonge, ambalo halijakomaa. Watoto hutokwa damu, hupata pepopunda na sumu ya damu, na malaria au kuhara kulikokuwa chanzo cha yote huendelea bila dawa. Wanaopona huota meno ya kudumu yaliyopinda au kukosa kabisa. Akija mtu nyumbani kwako na rai hiyo, hata awe wa ukoo, jibu ni moja: hospitali.

Gego la miaka sita

Sasa kwenye jino ambalo, kwa maoni yangu, hupotezwa ovyo kuliko meno yote.

Mtoto anapofika miaka 6, wakati akili ya kila mtu iko kwenye meno ya mbele yanayolegea na kutupwa juu ya paa, nyuma kabisa ya kinywa huota gego kimya kimya. Hakuna jino linalotoka kulipisha. Linajitafutia nafasi yake nyuma ya magego ya utotoni. Kwa kuwa hakuna kilichong'oka, wazazi hudhani nalo ni la utotoni, na likianza kutoboka husema, "Liache, litatoka lije jingine." Halitoki. Hilo ndilo gego la kudumu la kwanza, na ndilo atakalotafunia nyama ya pilau ya harusi yake.

Njia ya kulitambua ni kuhesabu. Anzia katikati ya kinywa ukielekea upande mmoja: jino la kwanza, la pili, chonge ni la tatu, gego la nne, gego la tano. Meno ya utotoni yameishia hapo. Ukikuta la sita, hilo ni la kudumu. Yako manne kinywani, moja kila pembe.

Kuota kwake huchukua miezi, na wakati mwingine kipande cha ufizi hubaki kimelifunika kama kifuniko nusu. Chini ya kifuniko hicho huingia chembe za wali na biskuti, ufizi huvimba, na mtoto huuma ule uvimbe kila anapofunga kinywa. Ndipo anaporudi kutoka shule au chuoni akisema taya linamuuma, au anatafunia upande mmoja. Kwa mtoto wa umri huu anayeweza kusukutua na kutema, chumvi ni dawa nzuri: nusu kijiko cha chai katika kikombe cha maji ya uvuguvugu, asukutue mara mbili tatu kwa siku, hasa baada ya kula. Pitisha mswaki laini mahali hapo hata kama panauma kidogo, kwa sababu uchafu ukibaki maumivu hayaishi. Paracetamol kwa kipimo cha uzito wake itamsaidia kulala. Ila kinywa kikishindwa kufunguka vizuri, shavu likivimba, usaha ukitoka au homa ikipanda, ni kwa daktari siku hiyo; uvimbe wa jino ukiteremka shingoni huziba njia ya hewa.

Gego hili huoza upesi kwa sababu tatu. Uso wake una mifereji myembamba ambayo unywele wa mswaki hauingii. Kaka yake ya nje bado changa na haijakaza. Na wakati linaota liko chini kuliko meno jirani, kwa hivyo mswaki huteleza juu ya majirani bila kuligusa. Weka juu ya hayo mabuyu ya sukari, barafu za rangi na peremende za nje ya lango la shule. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta karibu nusu ya watoto wa miaka 5 nchini Kenya wana meno yaliyooza, yaani wengi hufika kwenye gego la kudumu wakiwa tayari na uozo kinywani.

Mswaki wa gego hili hupitishwa kwa namna yake: mtoto afungue kinywa nusu tu, shavu lilegee, mswaki uingie kwa pembeni na kusugua gego peke yake kwa kulikata njia panda. Mzazi ndiye amsugulie mpaka afike miaka 7 au 8. Mtoto asiyeweza kuandika jina lake vizuri hawezi kusafisha magego yake vizuri. Dawa ya meno iwe na floraidi, kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, na cha punje ya pilipili manga au zaidi kidogo, isizidi mbaazi, kwa wa miaka 3 hadi 6. Ateme, asisukutue kwa maji mengi. Mswaki wa mti ni mzuri na una sunna yake, lakini ni vigumu kuufikisha kwenye gego la nyuma kwa mtoto. Autumie mchana, na usiku mswaki wa dukani wenye floraidi.

Daktari wa meno anaweza kuziba mifereji ya gego jipya kwa utando mwembamba kabla halijatoboka. Hakuna sindano, hakuna kuchimba, na huchukua dakika chache kwa kila jino. Tatizo ni kwamba wengi wetu huenda kwa daktari wa meno siku ya kung'oa tu. Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa ina idara ya meno, na katika kaunti nyingine ulizia kliniki ya meno kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti. Omba huduma hiyo mtoto anapofika miaka 6 na nusu au 7, gego likishatokeza lote. Likiwa limeshatoboka kidogo, uliza kuhusu kuliziba kabla ya kukubali ling'olewe. Likiondoka, meno jirani huinama kwenye pengo na la upande wa pili hushuka au kupanda kulitafuta, na jino la pembe, kama wasemavyo wazee, si dawa ya pengo.

Magego ya utotoni nayo yasidharauliwe. Meno ya mbele hutoka mapema, lakini magego hayo hukaa mpaka miaka 9 hadi 12, yakishikilia nafasi za meno yajayo. Kumwacha mtoto wa miaka 4 na shimo kwenye gego ni kumwachia maumivu ya miaka mitano au zaidi.

Gego la miaka kumi na mbili

Gego la pili la kudumu huota mtoto akiwa darasa la sita au la saba, na wengi hawasemi chochote isipokuwa kunuka kinywa na kutafunia upande mmoja. Tiba ni ile ile: chumvi, mswaki wa pembeni, paracetamol.

Ni umri ambao wengi wao wanaanza kufunga Ramadhani nzima, kwa hivyo swali hujitokeza. Paracetamol inaweza kunywewa baada ya kufuturu na tena wakati wa daku, na hiyo kwa kawaida hutosha kwa maumivu ya kuota jino. Asugue kwa dawa ya meno baada ya daku na kabla ya kulala. Mchana autumie mswaki wa mti kama anaona wasiwasi wa kumeza dawa. Tende ziambatane na maji, kwa maana hunata kwenye mifereji ya gego jipya, na kaimati za shira zisiwe chakula cha mwisho kabla ya kulala. Akiwa na uvimbe wa shavu au homa, huyo ni mgonjwa: afuturu, atibiwe, na alipe siku zake atakapopona.